Mukono wa kushoto na mukono wa kuume: filme zinasema kweli?



Mwezi huu tuzungumuze juu ya kitu chenye kinaingia mu nyumba zetu kila mangaribi, ku televizyo ao ku simu: filme.

Papa mwenye alifanya kazi chini ya udongo miaka 20, akiona filme ya watu wa mugodi, dakika mbili zinamutosha. Anatazama tu namna mwigizaji anavaa kaske na namna anashika nyundo, anaanza kucheka: "Huyu hakufanya hata siku moja!" Watoto wanashangaa, maana wao walifikiri yote ni kweli. Mama mwenye kuuza ku soko ni vile vile. Mupe filme ya soko, atakuambia mara moja kama yule mwanamuke wa filme amekwisha kupima unga hata siku moja.

Lakini tunafanya nini wakati filme inaonyesha kazi ao muchezo wenye hatuujui? Hapo hatuna macho ya papa, wala ya mama. Tunameza yote, nyama pamoja na mifupa.

Kwa hiyo nimechagua muchezo wenye wengi wetu hatujacheza kamwe: beisboli ya Marekani. Vijana wamoja waliniuliza juu yake, kwa sababu wanaona filme zake na hawaelewi kitu. Wamarekani walitengeneza filme nyingi sana za muchezo huo, na wale wenye kuujua wanazipima moja moja, sawa papa anapima kaske. Tufuate kipimo chao, tuone makosa wanayoyakuta. Makosa hayo hayako na uzito mumoja. Mengine ni ya kucheka tu. Mengine yanaharibu jina la mutu.

MUCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewe kidogo. Kuna ekipe mbili, kila moja watu 9 mu kiwanja. Mutupaji anasimama katikati, metre 18 na kidogo mbele ya mupigaji. Anatupa mupira mudogo na mugumu, na wenye nguvu wanapitisha mbio ya kilometre 140 kwa saa. Mupigaji ana fimbo. Akiupiga muzuri anakimbia kituo kwa kituo. Akizunguka vituo vyote vine, ekipe yake inapata alama moja. Na akiupiga mupaka unavuka ukuta wa kiwanja, anazunguka pole pole, hakuna mwenye anaweza kumuzuia.

Jambo moja la kushika: mukono. Ku futbol, muchezaji wa muguu wa kushoto anajulikana na wote. Ku beisboli ni zaidi ya pale. Mupigaji wa kushoto anasimama ngambo ingine, na yuko hatua karibu zaidi na kituo cha kwanza. Antrenere anapanga watu wake kwa kufuata jambo hilo. Ndiyo maana mupenzi wa muchezo anajua mukono wa kila muchezaji mukubwa, hata wa wale waliokufa zamani.

KOSA LA MUKONO

Mwaka 1989 ilitoka filme Field of Dreams. Mulimaji mumoja wa jimbo la Iowa anasikia sauti, anakata mahindi yake na kutengeneza kiwanja, na wachezaji waliokufa wanakuja kucheza pale. Mumoja wao ni Joe Jackson, mutu wa kweli wa zamani. Jackson wa kweli alipiga kwa kushoto na kutupa kwa kuume. Ray Liotta, mwenye alimuigiza, anapiga kwa kuume na kutupa kwa kushoto. Yote mbili kinyume! Ni kama kutengeneza filme juu ya Maradona, kiisha kumupa mwigizaji mwenye anapiga paka na muguu wa kuume.

Na wasiseme haikuwezekana. Mwaka mumoja mbele, 1988, filme Eight Men Out ilionyesha Jackson yule yule. Mwigizaji D. B. Sweeney alijizoeza kupiga kwa kushoto mupaka akaweza. Kazi ni ile ile. Mumoja alilipa bei, mwingine hapana.

Habari ingine ya mukono ni ya filme The Pride of the Yankees ya 1942, juu ya Lou Gehrig. Gehrig alicheza mechi 2.130 bila kukosa hata moja, kiisha ugonjwa wa mishipa ukamukamata, akakufa tarehe 2 mwezi wa 6, 1941. Alikuwa mutu wa kushoto. Gary Cooper, mwenye alimuigiza, alikuwa wa kuume. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba watengeneza-filme walitumia mayele: walishona herufi kinyume ku nguo, Cooper akapiga kwa kuume na kukimbilia kituo cha tatu pahali pa kituo cha kwanza, kiisha wakageuza picha yote kama ku kioo. Hadisi tamu sana! Hata wenye akili waliiandika.

Lakini katika mwaka 2013 mutu mumoja wa nyumba ya ukumbusho wa beisboli, kule Cooperstown, alikaa na kuchunguza picha kwa picha. Alitazama vifungo vya nguo, alitazama kiwanja. Alikuta kwamba Cooper alijifunza kweli kupiga kwa kushoto. Picha za kugeuza zilikuwa kipande kifupi tu.

Umeona, ndugu? Wale wenye walihukumu filme kwa uongo, nao walisimulia uongo. Walisikia, wakapenda, wakapitisha. Basi mwenye kupima na yeye apimwe.

Tusisahau kusifu wenye walijikaza. Mu filme A League of Their Own ya 1992, yenye inasimulia ligi ya wanawake, wasichana walizoezwa kucheza kweli, na kuteleza ku udongo na miguu wazi. Lile doa kubwa la damu lenye unaona ku paja la mumoja wao haiko rangi ya kupakaa. Ni kidonda chake mwenyewe.

KOSA LA HABARI

Filme ile ya wanawake ina miguu ya kweli, lakini habari yake ilibadilishwa. Ligi ilikuwa ya kweli: ilianza 1943, ikaisha 1954. Mwenye kuianzisha alikuwa Philip Wrigley, tajiri wa shikleti. Filme inamupa jina lingine na kumufanya tajiri wa chokoleti. Filme inasema mwaka ule wa kwanza Racine walishinda Rockford mu mechi ya mwisho. Kweli ni hii: Racine walishinda Kenosha. Tena mu filme wanawake wanatupa mupira kwa juu, mukono ukipita ku bega. Mu 1943 walitupa kwa chini, na mupira ulikuwa mukubwa zaidi. Kutupa kwa juu kulikuja 1948. Lakini jambo moja filme haikuficha: mwanamuke mweusi anaokota mupira wenye ulitoka inje ya kiwanja, anaurudisha kwa nguvu ya ajabu, kiisha anaenda zake. Sekunde chache tu. Ligi ile haikupokea wanawake weusi, na filme ilisema vile bila hotuba.

Mu Field of Dreams kuna muganga anaitwa Moonlight Graham. Watu wengi wanafikiri ni mutu wa kubuni. Hapana, aliishi kweli. Alicheza mechi moja tu mu ligi kubwa, na hakupata nafasi ya kupiga hata mara moja. Kiisha akawa daktari mu Chisholm, jimbo la Minnesota. Filme inasema alicheza 1922 na akakufa 1972. Kweli ni tarehe 29 mwezi wa 6, 1905, na alikufa 1965. Kosa hilo halikumuumiza. Filme ilimukumbusha mutu mwema mwenye alikuwa amesahauliwa.

Uzito unaongezeka tukifika ku The Natural ya 1984. Hii inatoka mu kitabu cha Bernard Malamud cha 1952, habari ya kubuni, kwa hiyo hakuna tarehe ya kusahihisha. Mu kitabu, Roy Hobbs anakubali feza ili ekipe yake ishindwe. Dakika ya mwisho anageuza moyo, anataka kushinda, lakini ni kuchelewa. Anakosa mupira, na kila kitu chake kinaanguka. Mu filme, Robert Redford anapiga mupira mupaka taa za kiwanja zinapasuka, moto unanyesha kama mvua, na kila mutu anafurahi.

Wengi wanapenda mwisho ule wa moto, na mimi sikatazi mutu kuupenda. Lakini tujue kitu gani kiliondolewa. Malamud aliandika kwamba mutu anaweza kutubu na bado akalipa deni la matendo yake. Filme iliondoa deni. Kijana mwenye anaona filme tu, anapata nusu ya habari, na ni nusu yenye utamu.

KOSA LA KUNYAMAZA

Kuna uongo mwingine wenye hausemi hata neno moja la uongo. Unaacha tu.

Filme Moneyball ya 2011 inasimulia ekipe ya Oakland ya 2002. Ekipe maskini, na mukubwa wake Billy Beane anatumia hesabu ili kununua wachezaji wenye wengine wanawazarau. Mengi ni kweli. Walishinda mechi 20 mufululizo. Ile ya 20, tarehe 4 mwezi wa 9, walikuwa mbele 11 kwa 0, wakarudishwa mupaka 11 kwa 11, na Scott Hatteberg akapiga mupira ukavuka ukuta: 12 kwa 11. Mutu atasema mambo ya sinema, lakini ilitokea vile vile.

Lakini sikiliza nani filme inapita bila kumusimulia. Mwaka ule Oakland ilikuwa na watupaji watatu wakali sana: Zito, Hudson na Mulder. Zito alipata tuzo la mutupaji bora wa ligi yao. Miguel Tejada, mwenzao, alipata tuzo la muchezaji bora. Watu hao hawakuwa wachezaji wenye kuzarauliwa. Filme karibu inawanyamazia, ili tufikiri hesabu peke yake ilishinda. Na antrenere Art Howe anaonyeshwa kama mutu wa kichwa kigumu, mwenye kuzuia tu. Howe alikuwa muzima, akaona filme, akasema wazi kwamba haikumuonyesha kwa haki. Yeye alikuwa na kinywa cha kujitetea. Sasa tufike kwa wenye hawana.

KOSA LA KUSHITAKI MUTU

Ron Shelton ni mutengeneza-filme mwenye alicheza beisboli yeye mwenyewe, miaka kadhaa mu ekipe ndogo zenye kulishwa na Baltimore. Filme yake Bull Durham ya 1988 wachezaji wanaisifu: maneno ya ndani, safari za basi, kuchoka, vyote ni vile. Wazazi wajue kwamba filme hiyo ina mambo ya uasherati, haifai kwa watoto. Lakini juu ya muchezo, Shelton hakosi mukono.

Mwaka 1994 Shelton alitoa filme ingine, Cobb, juu ya Ty Cobb. Cobb alianza kucheza Detroit mu 1905, na alikufa 1961. Alikuwa mutu wa hasira, mupiganaji, hilo linajulikana. Lakini filme inamuonyesha kama munyama, na inamutia mu kinywa kwamba aliua mutu. Habari hiyo ilitoka wapi? Kwa mwandishi mumoja, Al Stump, mwenye alikaa na Cobb mu miezi yake ya mwisho ili kumusaidia kuandika kitabu. Cobb alipokwisha kufa, Stump aliandika mambo ya kutisha, na moja ni kwamba mu 1912 Cobb alipiga mutu mu Detroit mupaka akakufa. Kiisha watu wakafungua maandiko ya serikali ya Detroit juu ya maiti za mwaka ule. Maiti ya namna ile haikuonekana. Mwaka 2015 Charles Leerhsen alitoa kitabu kizima juu ya Cobb, akaonyesha kwamba mengi yenye Stump aliandika hayasimami. Na ile sifa ya kwamba Cobb alichukia weusi mupaka kufa? Mu 1952 alisema wazi, ikachapwa mu gazeti, kwamba weusi wana haki ya kucheza.

Shelton alijua mukono, alijua fimbo, alijua basi. Lakini alijenga ku shahidi mumoja. Kujua muchezo haitoshi kumujua mutu.

Mufano wa mwisho ndio unanigusa zaidi. Filme 42 ya 2013 inasimulia Jackie Robinson, mweusi mwenye aliingia ligi kubwa tarehe 15 mwezi wa 4, 1947, mu ekipe ya Brooklyn, kiisha weusi kufungiwa mulango tangu miaka ya 1880. Ni filme nzuri, na kijana wetu aione. Antrenere wa Philadelphia, Ben Chapman, alimutukana Robinson kwa sauti mbele ya watu wote. Ilitokea kweli, mashahidi walikuwa wengi.

Lakini filme inaonyesha na mutupaji wa Pittsburgh, Fritz Ostermueller. Anamupiga Robinson na mupira ku kichwa kwa kusudi, na kumuambia hana pahali pake hapa. Kweli ni kwamba tarehe 17 mwezi wa 5, 1947, mupira wa Ostermueller ulimugonga Robinson ku mukono, wakati aliuinua ili kujikinga. Tena Ostermueller alikuwa mutupaji wa kushoto, na filme inamuonyesha akitupa kwa kuume.

Ostermueller alikufa 1957. Hakuna siku ataona filme ile, hakuna siku atajibu. Binti yake, mwanamuke muzee, ndiye alisimama na kusema kwamba baba yake hakuwa mutu wa namna ile, na kwamba alikuwa na desturi ya kutupa karibu na wapigaji wote. Mufikiri kidogo: unaenda kutazama filme, unakuta dunia nzima inachukia papa yako kwa neno lenye wengine walimuandikia.

Walikuwa na lazima gani? Chapman alikuwa pale, uovu wa kweli ulikuwa wa kutosha. Habari ya Robinson haikuhitaji kuongezewa chumvi. Na hapa uongo unaharibu pande zote mbili: unamuonea mufu, na unawapa wenye kuzarau Robinson sababu ya kusema, "Munaona? Hata yale mengine walibuni."

TUFANYE NINI?

Sisemi tuache filme. Nasema tutenge makosa. Mwigizaji akikosa mukono, tucheke kama papa anacheka kaske, tuendelee. Tarehe ikikosa, tusahihishe. Mwisho ukitiwa sukari, tuulize nini iliondolewa. Lakini filme ikichukua jina la kweli la mutu na kumubebesha uovu, pale tusimame. Amri ya kutoshuhudia uongo haikusema "isipokuwa juu ya wafu", wala "isipokuwa kama habari ni tamu". Na Torati ilitaka mashahidi wawili ao watatu, haikukubali mumoja.

Tena tusinyooshe kidole ku Marekani peke yake. Mangapi tunayapitisha ku kilio, ku kisima, ku simu, juu ya mutu mwenye hayuko pale? Na sisi tunatengeneza filme bila kamera. Mara ingine mukono ni ule wa kuume, nasi tunaapa ulikuwa wa kushoto.

Maulizo ya kuzungumuza mu jamaa:

1. Filme gani tuliona mwezi huu juu ya mutu wa kweli? Nani mu nyumba anajua kazi ile, aipime?
2. Mwisho wa The Natural: ule wa kitabu na ule wa filme, gani ungemupa kijana wako, na kwa sababu gani?
3. Kuna mutu mwenye tunasema vibaya juu ya shahidi mumoja tu? Tunaweza kwenda kumuuliza yeye mwenyewe, wakati angali muzima?

Tukutane mwezi ujao.